Kliniki zitupime na sukari ya baada ya kula

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua, niseme na wenzangu tunaoishi na kisukari na wale wanaotuhudumia.

Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga. Nina miaka 58, na kisukari cha aina ya pili ninacho mwaka wa tisa sasa. Siku ya kliniki naenda kama tulivyoagizwa: alfajiri, tumbo tupu, daftari mkononi. Nachomwa kidole, inaandikwa 6.1 (milimoli kwa lita), mwezi mwingine 6.4, naambiwa hongera mama, endelea na dawa.

Lakini nyayo zilikuwa zikiniwaka moto usiku, na kila nikishakula mchana macho yanaingia ukungu, kutunga uzi kwenye sindano nashindwa. Mwaka jana daktari akaagiza kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu. Kikatoka asilimia 8.9, nami lengo nililopewa ni chini ya 7. Akaniuliza kama huwa naruka dawa. Sijaruka hata siku moja. Nililia palepale kwenye kiti.

Mtoto wa kaka yangu, ambaye ni muuguzi, ndiye aliyeniuliza: "Shangazi, umewahi kupima ukishakula?" Sikuwahi. Siku hiyo nilipika wali wa nazi na maharage, nikaanza kula saa saba na nusu mchana. Saa tisa na nusu akanipima: 14.3. Nikamwambia mashine yake mbovu. Akachoma kidole kingine: 14.1. Kwa wengi wetu, saa mbili baada ya kula sukari inatakiwa isifike 10. Na saa hizo mbili huhesabiwa tangu tonge la kwanza. Mimi ningehesabu tangu kunawa mikono nikishamaliza kula.

Akanieleza kwamba sukari ya asubuhi inaonyesha zaidi kazi ya ini usiku kucha, na metformini ninayomeza hulituliza hilohilo ini. Chakula kikiingia, mzigo ni wa kongosho: inatakiwa imwage insulini, ile inayoshusha sukari, papo hapo, dakika za mwanzo. Ya kwangu huchelewa, na ikimwaga haitoshi, hivyo wanga wa wali unakuwa umeshageuka sukari na kujaa kwenye damu. Ndiyo maana asubuhi naonekana mzima na mchana naungua.

Kuanzia hapo nikaanza kupima chakula kimoja kimoja. Kilichonishangaza kuliko vyote ni uji wa ulezi, ambao sote tunausifu kuwa ni chakula cha wagonjwa wa sukari. Kikombe kikubwa, bila kijiko hata kimoja cha sukari: 12.6. Unga umeshasagwa laini, umepikwa ukaiva, unakunywa tu. Tumbo halina kazi kubwa ya kufanya. Kande za mahindi na maharage, ambazo lazima uzitafune, zilinipa 8.4. Na wali sikuuacha, mimi ni mtu wa Tanga. Nimeupunguza nusu sahani, naanza na mchicha na samaki, wali naumalizia mwisho. Zamani nikishakula narudi moja kwa moja kwenye cherehani. Siku hizi nazunguka mtaani kama robo saa kwanza. Wali uleule, nazi ileile: 9.7.

Hizo ni namba za mwili wangu. Mwingine atakula kande zimpandishe, na anayechoma insulini asianze kutembeatembea au kupunguza chakula kabla hajaongea na daktari wake, kwa sababu sukari inaweza kushuka ghafla, na hiyo nayo ni hatari.

Najua vijiti vya kupimia ni ghali. Kopo la vijiti 50 kwangu ni ujira wa magauni mawili, kwa hiyo sipimi kila siku. Nachagua mlo mmoja kwa wiki, napima kabla ya kula na saa mbili baadaye, naandika nilichokula na kiasi chake. Asiye na mashine hana hata nafasi hiyo. Huyo ndiye ninayemwombea: kliniki zimpangie walau siku moja katika miezi mitatu aje mchana, ameshakula chakula chake cha kila siku, apimwe. Pale kwenye benchi tunakaa zaidi ya arobaini, na kwa miaka yote hiyo sijasikia mtu akiulizwa jana mchana alikula nini.

Daftari nililopewa lina safu moja tu ya sukari, imeandikwa "kabla ya kula". Ya pili nimeichora mwenyewe kwa rula ya kukatia vitambaa. Naomba wanaoyachapa madaftari hayo waiweke.

Fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga