Sukari '20' bila kizio ni hatari kwa mgonjwa

Kwa Mhariri,

Mipango ya kuunganisha kompyuta za zahanati na hospitali za rufaa hapa Kisumu huzungumzwa kama suala la nyaya na intaneti. Kila kituo kikiendelea kuandika kwa mtindo wake, intaneti itaharakisha makosa tu.

Tazama sukari ya damu. Mashine nyingine hutoa jibu kwa milimoli kwa lita, nyingine kwa miligramu kwa desilita; ya kwanza ukiizidisha kwa 18 unapata ya pili, ndiyo maana 7.0 na 126 ni kiwango kimoja. Sasa barua ya rufaa ije na '20' pekee. Kwa milimoli, sukari imepanda vibaya na huenda mgonjwa akahitaji insulini. Kwa miligramu, imeshuka hadi milimoli 1.1, na insulini hiyo hiyo itamuua. Kizio kiwe na nafasi yake kwenye fomu, na kompyuta ikatae kuhifadhi jibu lisilo nacho.

Malaria nayo. Kandokando ya ziwa kila homa huitwa malaria, kwa hivyo fomu itenge inayoshukiwa na iliyothibitishwa, itaje kama ni hadubini au kipimo cha haraka, na jibu liwe 'chanya', 'hasi' au 'hakupimwa'. Nafasi tupu haimaanishi hasi. Hali kadhalika mzio wa dawa: 'hana' na 'hakuulizwa' ni mbali kama mbingu na ardhi. Misimbo ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iandamane na toleo lake, kwani malaria ya kimelea cha falsiparamu ni B50 katika toleo la 10 na 1F40 katika la 11.

Kinachotusumbua zaidi ni utambulisho. Majina mengi ya Kijaluo hufuata wakati wa kuzaliwa, basi kina Otieno na Akinyi ni tele. Ongeza tarehe ya kuzaliwa iliyokisiwa, ambayo karani huiandika Januari 1, na watu wawili wanageuka mmoja. Faili mbili za mtu mmoja ni usumbufu. Faili moja ya watu wawili ni balaa, maana dawa za huyu zitasomwa kuwa za yule. Tunataka alama ya 'tarehe imekisiwa', namba ya kitambulisho, na kwa mtoto namba ya mamake. Tarehe ziandikwe mwaka, mwezi, siku: 03/04 kwetu ni Aprili 3, lakini programu iliyoundwa kwa mtindo wa Marekani huisoma Machi 4.

Si kila kitu kisafiri, lakini. Daktari wa mifupa hana haja ya maelezo ya mshauri nasaha.

Kabla ya zabuni yoyote, kaunti ichapishe kamusi ya ukurasa mmoja yenye nafasi hizi, kisha ichukue barua 20 za rufaa na kuwapa wauguzi wawili wa vituo tofauti wazisome bila kuulizana. Wanapotofautiana ndipo pa kurekebisha kwanza.

Maafisa wa rekodi za afya,
Kisumu