Barua kwa mwanangu Masanja, kabla hujachimba shimo

Kishapu, 2 Novemba

Mwanangu Masanja,

Sisi hatujambo. Seng'enge ya kuzungushia ngitili, malisho yetu ya akiba, imefika. Kondakta aliishusha stendi usiku, Kulwa na Doto wakaifuata kwa mkokoteni wa maksai, na sasa maroli yote yako chini ya mwembe, nimeyafunika turubai. Kuku wameshapata pa kulala.

Dada yako Kabula ananiambia una likizo ya siku nne, unakuja na fundi, na kazi inaanza Ijumaa saa moja asubuhi. Ndiyo maana naandika. Kwenye simu wewe husema "sawa mama, sawa mama" kabla sijafika nilikokuwa nakwenda, mara salio limekwisha. Nimemwambia Doto aipige picha karatasi hii akurushie. Isome yote.

Upande wa mashariki usichimbe shimo hata moja kabla baba yako mdogo hajafika na kusimama pale. Hata kama fundi ameshashika sururu. Hata kama siku zako nne zinakwisha.

Najua umepima kwa simu, Kabula alinionyesha ile picha ya kutoka angani, ngitili yetu imekaa kama kitenge kilichoanikwa. Nilifurahi, sikatai. Nikamwonyesha na jirani. Mtoto niliyemtuma kuchunga na shati bila vifungo leo anasimamia watu barabarani huko Dodoma, ananunua seng'enge kwa fedha yake, haombi mtu. Ila simu inaona miti iliyopo. Miti iliyokuwepo haiioni.

Ule mgunga uliokuwa karibu na kichuguu ndio uliokuwa mpaka. Babu yako aliuonyesha mbele ya watoto wake wote wa kiume. Wewe ulikuwa huko shule ya bweni mti huo ulipoondoka, na uliporudi likizo hukuuliza, na mimi sikusema. Kisha minyara ikapandwa upande ule, ikafa nusu, ikabaki nusu, na hiyo iliyobaki ndiyo unayoiona kwenye simu ukadhani ni mpaka.

Wiki iliyopita redioni wametangaza ndugu wawili, tumbo moja, wamekatana mapanga shambani kwa sababu ya mpaka. Sikulala. Siyo kwamba baba yako mdogo ni mtu wa panga, mzee yule hata jogoo anaita mtu amchinjie. Lakini ana watoto wa kiume watano, na wewe una mdomo. Mdomo huo umeutoa kwangu, ninaujua unavyofanya kazi.

Ya kazi yenyewe nikwambie machache, mengine unayajua.

Nimezunguka ngitili kwa miguu mara mbili nikihesabu: hatua mia saba na arobaini, kwa hatua zangu za mguu mbovu. Kaskazini na magharibi minyara imeshikana, mbwa hapiti. Huko usiharibu seng'enge. Weka upande wa barabara na upande wa baba yako mdogo tu, nyuzi nne, na ule wa chini kabisa uwe chini kweli kweli, maana mbuzi hapimi urefu, anapima nafasi. Ukiweka nguzo kila mita tatu Kulwa anasema ni mashimo themanini na tano. Nguzo sitini ziko tayari, za mgunga, tumezichoma ncha na kuzipaka oili chafu kwa ajili ya mchwa. Zilizobaki Doto anasema atakata, na mimi nasema atakata keshokutwa, kama anavyosema kila siku.

Upande wa barabara ni luseni, udongo wa kichanga, mtachimba mnacheka. Upande wa mashariki ni mbuga, ule udongo mweusi wa mfinyanzi, na sasa hivi imepasuka, mpini wa jembe unaingia kwenye ufa. Fundi wako asije na maringo ya mjini akavunja sururu. Jioni mwagieni kila shimo ndoo moja ya maji, asubuhi udongo unakubali. Na mbuga ikinywa mvua inavimba, inasukuma nguzo, kwa hiyo nguzo za kwenye kona zishuke futi mbili na nusu hadi tatu na ziwe na nguzo za kuegemeza pande zote mbili. Zile za mwaka ule baba yako alizifukia futi moja na nusu kwa sababu ya haraka, mwezi wa pili zilikuwa zimelala kama walevi. Haraka ni ya ukoo wenu.

Umeona? Nimekupa na sababu nyingine. Upande wa mashariki maji yanatakiwa kumwagwa jioni, kwa hiyo Ijumaa hamwezi kuuanza. Anzeni barabarani. Jioni hiyo nenda kwa baba yako mdogo.

Nenda wewe mwenyewe, usimtume Doto. Peleka ugoro na sukari kilo mbili. Vua kofia. Usianze na habari ya uzio; muulize habari za miguu yake, atakueleza kwa muda mrefu, vumilia. Kisha mwambie, "Baba, kesho tunaomba ututembezee mpaka." Useme hivyo hivyo, utembezee. Usiseme uje uone tulivyopima.

Na akisema mpaka unapita magharibi ya kichuguu, usibishane. Hatua nane. Rudisha hizo hatua nane, hazifiki hata robo ekari, na ardhi yake pale ni ibambasi tupu, udongo mgumu wa chumvichumvi, ng'ombe wanalamba chumvi tu na kuendelea. Akikuuliza mgunga uko wapi, mwambie mama anasema ulikatwa. Usiongeze neno.

Mwaka aliofariki baba yako kuni zilikuwa taabu. Watu wa matanga walikaa siku saba, na waliokuja kutoka Meatu walikaa kumi. Kila mtu alikula.

Unajua kwamba sikuwapenda ndugu za baba yako mwaka ule, na kwa nini, hayo uliyaona kwa macho yako, sina haja ya kuyaandika. Mjane mwenye watoto wanne akikaa kimya anahamishwa kidogo kidogo. Kwa hiyo sikukaa kimya. Ila tangu hapo baba yako mdogo hajanywa maji hapa nyumbani, na tukifunga pamba yeye huita vijana wa mbali. Miaka inakwenda.

Kabula ana mawazo ya kwenda kwa mtendaji kuomba hatimiliki ya kimila, anasema sheria iko tangu 1999 na wenzetu wameshapata. Sikatai. Lakini hata huko majirani wa mpaka huitwa wakasema ndiyo. Utamwita kwa karatasi mtu uliyeshindwa kumwita kwa ugoro?

Watu wa kula Ijumaa nimewahesabu kumi na wawili. Nimeanika michembe ya viazi, karanga zipo, maziwa ya mgando ya siku tatu yapo kwenye kibuyu. Ukija na yule fundi, uniambie kama anakula ugali wa mtama au tumbo lake limezoea wali. Watoto wa baba yako mdogo wakikubali kuja Jumamosi watakuwa kumi na saba, na nitachinja yule beberu mwenye sikio moja. Wakija, usiwapangie kazi kama wale wa barabarani. Mpe mkubwa wao kukaza waya. Anajua kuliko wewe.

Mnapokata minyara ya kuziba mapengo, vaeni hata miwani ya jua. Mwezi jana Doto alijifuta jasho na mkono wenye utomvu, jicho likavimba kama yai, siku mbili alikuwa analia usiku na kunikatalia kwamba analia. Vipande muviache kivulini siku moja vikauke ule utomvu kabla ya kupanda.

Kwa nini haya yote sasa, utauliza, wakati miaka tumekaa bila seng'enge. Kwa sababu ng'ombe wa wapitao kwenda mnadani waliila ngitili yote mwezi wa nne, kabla hatujaifungua. Zamani mwenye ng'ombe angeitwa dagashida, baraza letu la jadi, akalipa. Siku hizi anakwambia hakuona alama. Mwezi wa tisa maksai mmoja alishindwa kusimama, tulimwinua kwa miti miwili asubuhi na jioni, siku tisa. Nilikuwa nampelekea majani ya mpapai mkononi. Wewe ulituma fedha ya dawa, asante, zilifika. Fedha yako haijawahi kuchelewa. Wewe ndiye unayechelewa.

Mengine ni haya. Betri ya sola haifiki saa tatu usiku, ulete nyingine. Bati la jikoni limeinuka upande wa upepo, misumari minne tu. Mtoto wa Kabula anataka viatu vyeusi vya shule, namba thelathini na mbili, visiwe vya kamba. Chumvi ya mawe ya ng'ombe hapa imepanda bei, kama Dodoma ni nafuu chukua. Mikate usilete, inafika imevunjika na hakuna anayeila isipokuwa mimi.

Na mtaimbo. Utautaka wa kukazia waya, na Kulwa atakwambia hapa hatuna. Upo. Uko chini ya kitanda changu, nimeuzungushia gunia. Ni wa baba yako mdogo. Niliuazima mwaka ule ule, na kila nilipotaka kuurudisha kulikuwa na jambo. Ijumaa jioni uubebe begani uende nao. Mrudishie kwanza, ukae, unywe chochote atakachokupa. Ndipo umwombe akuazime.

Mama yako