Mume wangu asema ni mimi niliyemvunja

Shikamoo Shangazi,

Ni saa tisa usiku, sijafumba jicho. Paka wetu mchanga yuko kizimbani kando ya kitanda, nami nikijigeuza tu analia. Ana miezi mitano. Aliruka kutoka kwenye kiti, kiti tu Shangazi, si paa, mguu wa nyuma ukavunjika.

Kwenye eksirei mifupa ilikuwa hafifu, karibu rangi moja na nyama, tena ina mivunjiko ya zamani ambayo sikuijua. Daktari akauliza anakula nini. Nikasema nyama tupu. Mume wangu akanigeukia palepale: "Basi ni wewe uliyemvunja."

Mbele ya daktari!

Paka si mla nyama? Nilimchagulia steki, nikatoa kila mfupa asije akasakamwa. Ningejuaje kwamba nyama ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, hadi mwili ukawa unaichota kwenye mifupa yake? Na mume wangu mbona alikuwa akimrushia vipande mezani? Hilo halisemi.

Daktari alisema upo pia ugonjwa wa kuzaliwa nao, kolajeni ya mifupa, yaani protini inayoipa uimara, inakuwa na kasoro, na huo chakula hakiuponyi. Ila kwa huyu anaona ni chakula. Nakiri usiku huu nimeomba uwe ule wa kuzaliwa nao. Kisha nikaona haya, maana huo hauponi.

Ameandikiwa chakula kamili cha paka wachanga, na wiki kadhaa kizimbani bila kuruka. Mifupa itakaza, lakini nyonga ilishaunga kombo, njia imebana, na choo anakipata kwa kulia. Jana mume wangu alitaka kumpa kipande cha parasetamoli. Nikampokonya, ile inaua paka! Sasa nani anamuumiza?

Sindano ya kumlaza moja kwa moja sitaki kuisikia. Mume wangu ameitaja mara mbili. Lakini leo nimemwona amejikunja kwenye mchanga wake, anajikamua, ananitazama, na mimi mwenyewe nikaiwaza.

Daktari anasema tungoje. Je, nangoja kwa ajili yake, au kwa kuwa niliambiwa nimemvunja? Na nikikubali sindano, si nitakuwa nimekubali kwamba ni mimi?

Nijibu mapema, Shangazi. Jumatatu tunarudi kwa daktari, na mume wangu anataka kuja.