Diski haijafa, Windows ndiyo haina draiva

Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Sisi ni mafundi wa kompyuta, na tunawaandikia mafundi wenzetu pamoja na wanaotuletea mashine, kwa sababu kuna kosa moja linalowatoa watu fedha bure.

Mtu anapeleka laptopu akapigiwe Windows upya. Fundi anachomeka fleshi, lugha inachaguliwa, masharti yanakubaliwa, kisha inafika hatua ya kuchagua pa kuweka Windows na orodha iko tupu. Hakuna hata diski moja. Mwenye mashine anaambiwa SSD imekufa, anunue nyingine. Inafungwa mpya, na orodha inabaki tupu vilevile.

Kwenye laptopu nyingi za Intel kuanzia kizazi cha 11, diski hiyo ni nzima. Ndani ya prosesa hizo kuna kontrola inayoitwa VMD, inayokaa mbele ya SSD za NVMe. Ikiwa imewashwa, na nyingi hutoka kiwandani ikiwa imewashwa, Windows haiongei na SSD moja kwa moja, lazima ipitie hapo. Fleshi ya kawaida iliyotengenezwa kwa faili la Microsoft mara nyingi haina draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa, ya kontrola hiyo. Tangu msaada wa kawaida wa Windows 10 ulipokoma tarehe 14 Oktoba 2025, watu wengi wanahamia Windows 11, na mashine za aina hii zinazidi kufika mezani.

Kabla ya kumwambia mteja anunue chochote, ingia BIOS, mipangilio ya mashine inayofunguliwa kwa kitufe kabla Windows haijawaka. Kwenye Dell na Lenovo nyingi ni F2, kwenye HP ni F10. Tafuta sehemu ya diski. SSD ikitajwa humo kwa jina na ukubwa wake, usiiguse bisibisi kabla hujajaribu draiva.

Njia ya mkato inayopendwa na wengi ni kuzima VMD humohumo BIOS. Diski itaonekana, ni kweli. Lakini kama mashine ina Windows ya zamani yenye kazi za mteja, Windows hiyo kwa kawaida haitawaka tena mpaka urudishe mpangilio, na kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows lenyewe, mteja anaweza kudaiwa ufunguo wa tarakimu 48 ambao hakumbuki aliuhifadhi wapi. Mashine yenye SSD mbili zilizounganishwa kwa RAID, zikafanya kazi kama diski moja, ndiyo usiiguse kabisa kwa njia hiyo. Dawa ya kudumu ni kuingiza draiva ndani ya fleshi yako ya Windows, mara moja, kisha uitumie kwa mashine zote.

Anza na draiva yenyewe, kwa sababu hapa ndipo wengi wanakwama. Faili la exe ulilopakua si draiva ambayo DISM, zana ya Windows ya kurekebisha mafaili ya usakinishaji kwa amri, inaweza kuisoma. Draiva ni folda yenye faili la inf, la sys na la cat. Faili la Intel linaloitwa SetupRST.exe unalifungua kwa amri hii: SetupRST.exe -extractdrivers C:\rst. Ndani yake utakuta iaStorVD.inf, na hiyo ndiyo ya VMD. Ifungue kwa Notepad utafute namba ya kifaa. VMD ya kizazi cha 11 hujitambulisha PCI\VEN_8086&DEV_9A0B, ambapo 8086 ni namba ya Intel; ya kizazi cha 12 ni DEV_467F. Ukiiona namba hiyo ndani ya inf, draiva inaihusu mashine. Usipoiona, tafuta toleo lingine, kwa sababu si kila toleo linabeba vizazi vyote. Dakika mbili za Notepad zinaokoa saa nzima ya kubahatisha.

Draiva nyingine, kama za Wi-Fi, unaweza kuzitoa kwenye mashine ya aina hiyohiyo inayofanya kazi: dism /Online /Export-Driver /Destination:D:\draiva. Amri hii inatoa draiva zote zilizoongezwa kwenye Windows hiyo, pamoja na za skrini na printa, kwa hiyo chambua kabla ya kutumia. Dell, HP na Lenovo nao hutoa vifurushi vya draiva kwa mashine zao za ofisini, bure, kwenye tovuti zao.

Sasa Windows. Pakua ISO, faili moja lenye usakinishaji wote wa Windows, kutoka Microsoft yenyewe. Tunawasihi wenzetu waache Windows za mitaani zinazouzwa kwa jina la "draiva zote ndani". Hakuna anayejua aliyeitengeneza aliongeza nini kingine, na mteja ataweka humo namba zake za benki. Nakili yaliyomo ndani ya ISO kwenye folda, tuseme C:\win, na uache nafasi ya GB 30 hivi. Angalia folda ya sources, ambamo Windows yenyewe imefungashwa. Ukikuta install.esd badala ya install.wim, DISM haitakubali kuirekebisha. Itoe kwanza iwe wim. Amri ya dism /Get-ImageInfo /ImageFile:C:\win\sources\install.esd inakuonyesha matoleo yaliyomo na namba zake. Ukitaka Pro peke yake, na ikiwa Pro ni namba 6, andika: dism /Export-Image /SourceImageFile:C:\win\sources\install.esd /SourceIndex:6 /DestinationImageFile:C:\win\sources\install.wim /Compress:max. Kisha futa ile esd. Kubaki na toleo moja kuna faida nyingine: kila toleo ndani ya wim linaingiziwa draiva peke yake, na ukiweka kwenye Pro, Home haipati kitu.

Kuna mafaili mawili ya kushughulikia, na kosa kubwa tunaloliona ni kushughulikia moja tu. boot.wim ndiyo inayowaka kwenye fleshi na kuonyesha madirisha ya usakinishaji. install.wim ndiyo Windows yenyewe itakayobaki kwenye mashine. Ukiweka draiva kwenye boot.wim peke yake, diski itaonekana, mafaili yatanakiliwa hadi asilimia 100, mashine itajizima na kuwaka, halafu inaweza kukupa skrini ya bluu yenye INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Fundi anadhani sasa SSD imekufa kweli, wakati Windows mpya ndiyo iliyowekwa bila draiva.

boot.wim ina namba mbili ndani. Ya 1 ni Windows PE, Windows ndogo ya kuwakia, ya 2 ndiyo usakinishaji. Weka kote kuwili: amri zilizo hapa chini ni za namba 2, kisha zirudie kwa /Index:1. Tengeneza folda tupu C:\mount kwenye diski ya NTFS, fungua Command Prompt kwa mamlaka ya msimamizi, kisha:

dism /Mount-Image /ImageFile:C:\win\sources\boot.wim /Index:2 /MountDir:C:\mount

dism /Image:C:\mount /Add-Driver /Driver:C:\rst /Recurse

dism /Image:C:\mount /Get-Drivers

dism /Unmount-Image /MountDir:C:\mount /Commit

Usiiruke amri ya tatu. Inakuletea orodha ya draiva ulizoongeza, zikiwa zimepewa majina ya oem0.inf, oem1.inf na kuendelea, na pembeni jina la asili. Ukiona iaStorVD.inf kwenye orodha hiyo, funga kwa /Commit, inayohifadhi mabadiliko. Usipoiona, funga kwa /Discard, inayoyatupa, na utafute kosa. Mara nyingi ni folda isiyo sahihi au draiva ya biti 32 kwenye Windows ya biti 64.

Kwenye boot.wim weka draiva za diski tu, na za USB kama kibodi inagoma. Faili hilo lote hupakiwa kwenye RAM, na kulijaza draiva za skrini ni kuilemea mashine bure. Kwenye install.wim rudia amri zilezile kwa namba ya toleo lako, na hapo ongeza za Wi-Fi na za waya wa mtandao. Hili si la hiari kwa Windows 11: mwishoni mwa usakinishaji inadai intaneti, na laptopu ambayo Wi-Fi yake haijatambuliwa inakwama kwenye dirisha la kuunganisha mtandao huku mteja amekusimamia. Draiva za skrini ziache. Ni nzito, na zitakuja zenyewe kwa Windows Update.

Kabla hujaifunga install.wim, kuna faili moja ndani yake ambalo wengi hulisahau: C:\mount\Windows\System32\Recovery\winre.wim. Ndilo linalowaka mteja anapotaka kurekebisha Windows iliyoharibika. Halina draiva ya VMD, na siku hiyo nalo litasema halioni diski. Lifungue kwenye folda nyingine, C:\mountre, kwa namba 1, weka draiva ileile ya diski, lifunge kwa /Commit, ndipo ufunge install.wim.

Makosa mawili yatakupata. La kwanza ni 0xc1510111, DISM ikidai huna ruhusa ya kurekebisha faili. Faili limebaki la kusomwa tu kwa sababu limetoka kwenye ISO au DVD. Andika attrib -r C:\win\sources\*.wim na urudie. La pili ni 0xc1420117 wakati wa kufunga: kuna kitu kimeshikilia C:\mount, na karibu kila mara ni dirisha la folda hiyo ulilolisahau wazi, au antivairasi inayoikagua. Funga madirisha yote kabla ya amri ya kufunga. Umeme ukikatika katikati, safisha kwa dism /Cleanup-Mountpoints na uanze upya na nakala ya wim ambayo haijaguswa. Kwa hiyo weka nakala hiyo pembeni tangu mwanzo.

Imebaki fleshi. Mashine za UEFI, yaani zenye BIOS ya kisasa, kwa kawaida huwakia fleshi iliyofomatiwa kwa FAT32, na FAT32 haibebi faili linalofika GB 4, wakati install.wim nyingi sasa zinavuka hapo. Ikate: dism /Split-Image /ImageFile:C:\win\sources\install.wim /SWMFile:C:\win\sources\install.swm /FileSize:3800. Ondoa install.wim, nakili yote kwenye fleshi, na usakinishaji utazisoma swm zenyewe. Anayetaka ISO apakue ADK, seti ya zana za Microsoft, atapata humo oscdimg ya kuitengeneza:

oscdimg -m -o -u2 -udfver102 -bootdata:2#p0,e,bC:\win\boot\etfsboot.com#pEF,e,bC:\win\efi\microsoft\boot\efisys.bin C:\win C:\win-draiva.iso

Kwa shule na ofisi ambazo intaneti yake ni bando la simu, kazi hii inalipa zaidi. Kompyuta 20 za aina moja zikipigwa Windows kila moja bila draiva, mtandao haupo, na kila moja inasubiri fundi aje na fleshi nyingine. Zikipigwa kwa fleshi iliyoandaliwa, zinawaka zikiwa na Wi-Fi siku hiyohiyo. Anayesimamia ununuzi amuulize fundi swali moja kabla ya kulipia SSD mpya: umejaribu draiva ya VMD? Na fundi aweke folda za draiva kwa majina ya modeli, pamoja na tarehe, kwa sababu Microsoft ikitoa ISO mpya ataanza tena na mafaili mapya ya wim, lakini draiva atakuwa nazo.

Mafundi wa kompyuta,
Kariakoo, Dar es Salaam