Barua ya wazi kwa wachoraji wa Moshi wenye ajira na vihamba

Wanangu,

Kila ikifika Aprili nasikia malalamiko yale yale. Kazini bosi hataki habari za daladala kukwama kwenye tope, nyumbani mama anauliza maharage yatapaliliwa lini, na picha iliyoanzwa Februari imegeuzwa uso ukutani. Wengine mmeanza kuulizana kipi kiachwe. Mimi nimechora vibao vya maduka mji huu tangu ujana hadi macho yalipogoma, na kihamba, shamba langu la migomba la nyumbani, sikukiacha, kwa hiyo nivumilieni niseme.

Kazi ya mshahara msiiache. Hapo sina maneno mengi: kodi ya chumba na kopo la rangi havilipwi kwa sifa. Edward Saidi Tingatinga alikuwa mtumishi wa nyumbani Dar es Salaam. Alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, akafariki 1972. Ni kama miaka minne tu, na hadi leo picha nyingi mnazowauzia wageni zina mkono wake.

Neno langu hasa ni masika yenyewe. Mnayahesabu kuwa miezi iliyopotea kwa sababu wapanda mlima wamepungua na maduka ya zawadi hayachukui mzigo. Mimi naona hapo ndipo pa kuchora. Kuanzia Juni mtarudi kwenye twiga na Wamasai wanaoruka, kwa oda, na sitawalaumu, hela ni hela. Lakini Aprili hakuna anayekuagiza kitu. Nani atakukataza kuchora bodaboda waliojibanza kibarazani Mbuyuni mvua ikimwagika, au mama yako akichambua mboga ya mnafu?

Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame mwaka 1923, alifundisha Makerere, na baada ya uhuru akawa balozi wetu London. Mtu wa ofisi, na suti yake. Alichochora ni vihamba hivi hivi: watu migombani, kazi za shamba, harusi za kwetu. Picha yake ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku ilinunuliwa na Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York. Haina hata tembo mmoja.

Mtasema muda haupo. Sikilizeni. Maharage hayapaliliwi majani yakiwa na maji. Ukiingia shambani asubuhi baada ya mvua ya usiku, nguo na mikono yako inabeba ugonjwa kutoka mche hadi mche, na siku si nyingi majani yana madoa. Palizi isubiri yakauke, yaani alasiri, ukitoka kazini. Basi kuanzia kunapopambazuka, kama saa kumi na mbili na nusu, hadi muda wa daladala, shamba lenyewe limekufukuza. Saa hiyo ni ya picha. (Simu ibaki kitandani, nawajua.) Na maharage yakishatoa maua, wekeni jembe chini kabisa, yasije yakapukutika. Wiki hizo na jioni nayo ni yenu.

Ninyi wa Majengo na Pasua wenye viroba vya mchicha mlangoni, dakika kumi zinawatosha. Msijifanye wakulima wakubwa.

Jambo la rangi. Ile ya mafuta ya kopo haipatani na unyevu: inachelewa kukauka na mng'ao unapauka. Pakeni nyembamba, koti la pili lisubiri la kwanza likauke kweli, si kwa kugusa ukingoni tu. Ubao msiuegemeze kwenye ukuta unaotoa jasho. Mimi vibao vyangu nilivitundika darini jikoni moto ukishazimwa, joto likiwa bado limo. Vilikauka vizuri, ila mke wangu alidai kiburu chote cha masika, ndizi na maharage yetu, kilinukia tapentaini.

Mvua zikikatika, kabla hamjaanza oda za twiga, leteni picha hizo kwangu Rau. Kununua siwezi, lakini nitaangalia moja moja, na nitasema ninachokiona. Za tembo bakini nazo.

Mzee wenu,
mchora vibao wa zamani