Risala ya Wazazi wa Watoto Njiti wa Eastlands kwa Mgeni wa Heshima

Mgeni wetu wa Heshima, Daktari. Wauguzi na wahudumu wa afya ya jamii. Wazazi wenzetu, wazee na watoto: itifaki ikiwa imezingatiwa, tunawasalimu.

Daktari, karibu Eastlands. Tumekualika leo, tarehe 17 Novemba, siku ambayo dunia huwakumbuka watoto wanaozaliwa kabla mimba haijatimiza wiki 37. Wengi wetu tulijuana kwenye mabenchi ya nje ya wodi za watoto wachanga hapa Nairobi, tukisubiri zamu ya kuingia, kila mmoja na kikombe chake cha maziwa aliyokamua. Wapo waliorudi nyumbani na watoto. Wapo waliorudi mikono mitupu. Nao ni wanachama wetu, na risala hii ni yao vilevile.

Tunaanza na shukrani ambayo pengine hukuitarajia. Kabla ya kukutana na watu wa taaluma yako, majibu yote tuliyokuwa nayo yalikuwa ya mtaani: mama alibeba mtungi mzito, mama alikosana na mkwewe, mama ana kijicho nyuma yake. Mwanachama wetu mmoja alibeba lawama za ukoo mzima hadi alipoelezwa kwamba presha ilikuwa imempanda, na kwamba presha, maambukizi, malaria na mimba ya mapacha vinaweza kuleta uchungu mapema au kumlazimu daktari amzalishe mama mapema. Wengine tuliambiwa kwamba chanzo hakikuonekana kabisa. Hata hilo lilitutua mzigo, kwa sababu lilisemwa na mtu aliyekuwa amekitafuta.

Daktari, jambo tunalotaka hasa kulisema mbele yako ni hili: utafiti unaofanywa kwa akina mama wa hapa kwetu si anasa. Historia ya sindano ya deksamethasoni inatuonyesha hivyo. Tangu mwaka 1972, Liggins na Howie kule Auckland, New Zealand, walikuwa wameonyesha kwamba mama akidungwa dawa ya aina hiyo kabla ya kujifungua mapema, mapafu ya mtoto hukomaa haraka. Nchi tajiri ziliishika. Lakini mwaka 2015 yakatoka matokeo ya utafiti mkubwa wa nchi sita, Kenya ikiwamo, ambako dawa hiyo ilisambazwa hadi vituo vidogo. Vifo vya watoto wadogo zaidi havikupungua, na kwa watoto wote kwa jumla viliongezeka. Katika vituo vingi haikuwa rahisi kujua mimba ni ya wiki ngapi, na wengi waliodungwa hawakujifungua mapema.

Ingekuwa rahisi kunyamaza, au kuitupa dawa. Watafiti walirudi kuuliza upya. Shirika la Afya Duniani lilifanya jaribio katika hospitali za Kenya, Nigeria, India, Pakistan na Bangladesh, kwa akina mama 2,852 waliokuwa katika wiki ya 26 hadi ya 33, umri wa mimba ukiwa umepimwa kwa ultrasaundi. Matokeo yalipotoka mwaka 2020, jibu lilikuwa wazi: kwa kila akina mama 25 waliodungwa, kifo cha mtoto mmoja kiliepukwa. Daktari, wale akina mama walikubali kuingia katika utafiti wakiwa na hofu ya kupoteza watoto wao. Hatuyajui majina yao. Tunaomba tuwapigie makofi.

Kuhusu huduma ya kangaruu, yaani kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, hatuna haja ya kusema mengi, maana ukumbi huu umejaa mashahidi. Ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, inkubeta zilipokuwa haba. Mwaka 2021 utafiti wa Ghana, India, Malawi, Nigeria na jirani zetu Tanzania ulionyesha kwamba kumweka mtoto kifuani mara tu anapozaliwa, bila kungoja kwanza apate nguvu, kulipunguza vifo kwa robo. Leso tunazo. Vifua tunavyo, na akina baba pia wanavyo, wajitokeze zaidi. Kinachokosekana ni kitanda cha mama ndani ya wodi. Mama hawezi kumkumbatia mtoto usiku kucha akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, na kidonda cha upasuaji bado kibichi.

Tunafurahia pia benki ya maziwa ya mama iliyofunguliwa katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani mwaka 2019, ya kwanza nchini.

Hata hivyo, tunasononeka. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba Kenya inapoteza watoto 22 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa hai kabla hawajamaliza mwezi. Mwaka 2022 walikuwa 21. Miaka minane, tofauti ya mtoto mmoja! Lengo la mwaka 2030 ni 12. Dawa imepatikana na maarifa yapo, lakini safari ya kutoka kwenye ripoti hadi kwa mama wa Mathare au Dandora ni ndefu mno.

Kwa hiyo, Daktari, tunakuomba utusemee mahali sauti zetu hazifiki. Kila mjamzito apigwe ultrasaundi kabla ya wiki ya 24 katika kituo kilicho karibu naye na kwa bei anayoiweza, kwa kuwa bila kujua wiki hizo sindano hiyo haiwezi kutolewa kwa usalama. Sisi kwa upande wetu tutapita nyumba kwa nyumba pamoja na wahudumu wa afya ya jamii kuwahimiza akina mama waanze kliniki mapema.

La mwisho ni swali tunalokukabidhi wewe na wenzako. Tafiti nyingi tulizosomewa humfuata mtoto hadi siku ya 28. Watoto wetu sasa wako shuleni. Wapo wanaovaa miwani minene, wapo waliochelewa kusema, na wapo wanaoongoza darasa. Tunaomba utafiti uwafuate hadi huko, na mkihitaji wazazi wa kushiriki, orodha ya walio tayari imeambatishwa kwenye nakala ya risala hii ambayo Mwenyekiti wetu anakukabidhi sasa.

Ahsante, Daktari.

Katibu, kwa niaba ya wanachama.