Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi: Nchi za Ulaya Zisizoegemea Upande Katika Vita Kuu Mbili

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana shuleni kwetu. Kabla hujafungua maonesho yetu ya ramani, tunaomba tukueleze kinachoziunganisha. Wengi hudhani nchi isiyoegemea upande vitani hukaa pembeni ikasubiri vita viishe. Sisi tunaona ilikuwa kazi ngumu ya kila siku, na waliopona si wale waliokuwa na mikataba mizuri zaidi.

Kanuni ziliandikwa The Hague, Oktoba 1907: Mkataba wa Tano kwa nchi kavu na wa Kumi na Tatu kwa baharini. Majeshi ya wapiganaji yasipite katika ardhi ya nchi hiyo. Askari wao wakivuka mpaka, wawekwe kizuizini mbali na vita. Manowari ikiingia bandarini, kwa kawaida iondoke ndani ya saa 24, isipokuwa imeharibika au bahari imechafuka. Nchi ikitumia silaha kumzuia anayeivamia, haihesabiwi kuwa imeingia vitani. Lakini mlango mmoja uliachwa wazi: wafanyabiashara binafsi hawakukatazwa kuwauzia wapiganaji chochote, hata silaha.

Mwaka 1914 Ubelgiji ilikuwa na Mkataba wa London wa 1839, uliotiwa saini na mataifa makubwa, ikiwemo Prussia, dola ya Kijerumani iliyokuja kuongoza Ujerumani. Haukuisaidia. Ujerumani ilitaka kuzizunguka ngome za Ufaransa kwa kupitia kaskazini. Agosti 2 ilidai njia, Ubelgiji ikakataa, na Agosti 4 majeshi yakaingia. Uholanzi iliachwa, kwa kuwa Ujerumani ilitaka bandari ya Rotterdam ibaki wazi kupitishia bidhaa zake. Uingereza nayo ikabana meli, hata wafanyabiashara wa Kiholanzi wakaunda shirika, mwishoni mwa 1914, la kudhamini kwamba shehena zinazoingia hazitavuka kwenda Ujerumani. Mazao ya Uholanzi yenyewe yaliendelea kuuzwa huko. Katika vita vya pili faida hiyo haikuwepo tena: Mei 10, 1940 Uholanzi, Ubelgiji na Luxembourg zilivamiwa kwa pamoja.

Mwezi mmoja kabla, Aprili 9, zilikuwa zimevamiwa Denmark na Norwei. Hapa tunaomba uitazame ramani ya pili, Mheshimiwa. Viwanda vya Ujerumani vilitegemea madini ya chuma ya kaskazini mwa Uswidi. Bandari ya Luleå huganda wakati wa baridi, hivyo madini yalipita kwa reli hadi Narvik, pwani ya Norwei isiyoganda. Norwei ikawa njia ambayo pande zote mbili ziliitaka. Uswidi yenyewe haikuvamiwa, na iliendelea kuuza mamilioni ya tani kila mwaka. Ilifanya zaidi ya kuuza: kuanzia Julai 1940 hadi Agosti 1943 treni zake zilibeba askari wa Kijerumani waendao likizo na warudio Norwei, na Juni 1941 iliruhusu divisheni nzima ipite kwenda Finland. Hilo lilivunja kanuni ya 1907 waziwazi. Oktoba 1943, Uswidi hiyohiyo iliwapokea Wayahudi zaidi ya 7,000 waliovushwa kwa boti kutoka Denmark. Hatukubali mtu ataje moja na kuficha jingine.

Uswisi iliita jeshi lake lote chini ya Jenerali Henri Guisan. Ufaransa ilipoanguka, mpango ukawa kurudi nyuma hadi ngome za milima ya Alps na kuwa tayari kulipua mahandaki ya reli ya Gotthard na Simplon. Mahandaki hayo ndiyo yaliyopitisha makaa ya mawe ya Ujerumani kwenda Italia, kwa hiyo mvamizi angepoteza kile alichokifuata. Benki Kuu ya Uswisi nayo ilinunua dhahabu kutoka Ujerumani, ikiwemo iliyoporwa katika nchi zilizotekwa, na Agosti 1942 mpaka ulifungwa kwa wakimbizi Wayahudi. Jeshi lilipandisha gharama ya kuivamia. Biashara ilipunguza sababu. Kwa maoni yetu vyote viwili viliiokoa, na cha pili kililipiwa na watu wengine.

Ureno inatuhusu kwa karibu. Ilikuwa nje ya vita rasmi barani Ulaya hadi Machi 9, 1916, Ujerumani ilipoitangazia vita baada ya Ureno kukamata meli zake. Mwezi uliofuata Wareno waliichukua kutoka kwa Wajerumani Kionga, kusini mwa mdomo wa mto Ruvuma, na Novemba 1917 Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, akauvuka mto huo kuingia Msumbiji, koloni la Ureno. Katika vita vya pili Ureno haikupigana. Iliuza wolframu, madini ya kukazia chuma, kwa pande zote hadi Juni 1944. Na Julai 1942, huko Lourenço Marques, leo Maputo, meli ya Uswidi Gripsholm ilibadilishana raia na meli zilizotoka Asia Mashariki: Wajapani upande mmoja, Wamarekani na wengine upande wa pili.

Mheshimiwa, ombi letu ni moja. Ramani zetu za ukutani zina mipaka ya sasa tu. Tunaomba utusaidie kupata ramani mbili kubwa za Ulaya, ya 1914 na ya 1939.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanachama wa Klabu ya Historia